Kuunda goti ndani ya kompyuta: mwongozo wa kupima gegedu linavyobanwa

Kabla hujafungua programu yoyote, chukua karatasi uandike swali moja. "Modeli ya goti" ni mada tu. "Mtu akiondolewa meniskasi ya ndani, shinikizo juu ya gegedu la muundi linapanda kwa kiasi gani anaposimama?" (Gegedu ni tishu laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo; muundi ni mfupa wa mguu chini ya goti; meniskasi ni mto wa umbo la mwezi mchanga ulio kati ya fupa la paja na muundi.) Hilo ni swali, na litakuamulia karibu kila kitu kinachofuata: goti likunjwe nyuzi ngapi, mzigo uwe kiasi gani, pia ya goti iwemo au iachwe, ligamenti (kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa) zipi ni za lazima. Nawaona vijana wa uhandisi hapa Nairobi wakianza na programu na kuishia na picha nzuri ya rangi ambayo haimjibu mtu yeyote, na roho inaniuma, kwa sababu kazi waliyofanya ni kubwa.

Mchana mimi hutengeneza mashine za hospitali. Jioni huwasaidia wanafunzi wenye miradi ya viungo vya mwili. Swali langu mwenyewe nimelipata kwenye ngazi. Naishi Pipeline, Embakasi, katika jumba lisilo na lifti, na maji yakikatika mitungi hubebwa kwa mkono hadi juu. Jirani yangu wa ghorofa ya tano ni mama wa makamo ambaye goti la kulia linamsumbua. Nilimuuliza, "Mama, linauma zaidi ukipanda au ukishuka?" Akanijibu, "Kushuka, mwanangu. Kupanda navumilia."

Jibu hilo linaafikiana na vipimo. Kikundi cha Georg Bergmann mjini Berlin kiliwawekea wagonjwa magoti bandia yenye vihisi ndani, vikawa vinatuma kwa redio kani inayopita gotini mtu akiwa katika shughuli zake. Katika matokeo yao ya 2010, kilele cha kani kwa wastani kilikuwa asilimia 261 ya uzito wa mwili kwa kutembea mahali tambarare, 316 kwa kupanda ngazi na 346 kwa kushuka. Chukua mtu wa kilo 70. Uzito wake ni kama nyutoni 687, kwa hiyo akipanda ngazi goti moja linabeba takriban nyutoni 2,170. Mpe mtungi wa lita 20 na uchukulie kani inapanda sambamba na uzito wote: unafika karibu nyutoni 2,790. Hilo la mtungi ni kadirio, na kwenye ripoti uliandike hivyo hivyo kuwa kadirio. Lakini sasa una mzigo wenye sababu. Namba ya mzigo isitoke hewani.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Laptopu ya mitumba kutoka Luthuli Avenue yenye RAM ya gigabaiti 16 inatosha kwa goti moja. Programu zote utakazohitaji ni za bure: 3D Slicer ya kuchora mipaka ya viungo kwenye picha, MeshLab ya kusafisha nyuso za maumbo, Gmsh ya kutengeneza wavu (yaani kuligawa umbo katika vipande vidogo viitwavyo elementi, vinavyounganishwa kwa pointi ziitwazo nodi), na FEBio ya kupiga hesabu. FEBio imetoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah na Columbia, na imeundwa kwa ajili ya tishu laini za mwili, ndiyo maana naipendelea kuliko programu kubwa za viwandani ambazo leseni yake mwanafunzi wetu hawezi kuigusa. Pakua vyote siku moja ukiwa kwenye waifai ya chuo ili usimalize bando zako. Na kwa sababu stima hupotea bila kubisha hodi, washa chaguo la FEBio la kuandika faili la kuendelezea hesabu, ili ikirudi uanzie ulipofika.

Sasa picha. CT (picha ya vipande kwa eksirei) inaonyesha mfupa vizuri lakini gegedu halionekani, kwa hiyo unahitaji MRI (picha ya vipande kwa sumaku). Tatizo ni kwamba MRI ya kawaida ya goti, ile inayopigwa ili daktari aone ligamenti imekatika au la, huwa na vipande vyenye unene wa milimita 3 hivi, wakati gegedu lenyewe la goti sehemu nyingi lina unene wa milimita 1 hadi 4. Ni kama kutafuta zabibu kavu kwenye mkate uliokatwa slesi nene: iliyo katikati ya slesi huwezi kujua inaanzia wapi. Ukipata nafasi ya kuzungumza na mtaalamu wa mashine, mwombe kwa heshima mfuatano wa pande tatu wenye vipande vya milimita 1 au chini. Utachukua muda mrefu zaidi mezani, na mgonjwa asitikise mguu.

Kama huna njia ya kupata picha hizo, usikate tamaa. Mradi wa Open Knee(s), ulioongozwa na Ahmet Erdemir wa Cleveland Clinic kule Marekani, umeweka wazi picha na modeli za magoti kadhaa. Kuna pia mkusanyiko wa Osteoarthritis Initiative, wa watu 4,796 waliokuwa na umri wa miaka 45 hadi 79 walipojiunga, wenye picha za MRI za aina iitwayo DESS zenye vipande vya milimita 0.7. Mimi huwashauri wanafunzi waanze na data hizo hata kama wana sidii ya mtu wanayemjua mkononi. Picha ya mgonjwa ni mali nyeti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu taarifa ya afya kuwa data nyeti ya mtu binafsi, na utafiti juu ya wagonjwa unahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Kumbuka pia kwamba jina la mgonjwa limeandikwa ndani ya faili la DICOM (muundo wa faili za picha za hospitali) lenyewe. Kubadilisha jina la folda hakumfichi mtu.

Fungua picha kwenye 3D Slicer, uanze na upande wa ndani wa muundi, kipande baada ya kipande. Kwenye DESS mfupa ni mweusi, gegedu ni la kijivu, majimaji ya goti yanang'aa, na meniskasi ni nyeusi. Mpaka wa gegedu na mfupa ni rahisi. Taabu iko juu, pale gegedu la paja na la muundi yanapolaliana bila majimaji katikati: kijivu kimegusa kijivu, na jicho halioni mstari. Hapo rudi vipande viwili nyuma, tafuta mahali mstari unapoonekana, kisha uufuate mbele ukitumia mkunjo wa mfupa kama mwongozo. Kagua pia kwa mtazamo wa mbele na wa juu, kwa maana mstari unaoonekana laini kwa upande unaweza kuwa ngazi-ngazi ukitazamwa kwa mbele. Hii ndiyo kazi ndefu kuliko zote, na ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Ukishatoa nyuso, utashawishika kuzilainisha mpaka ziteleze. Jizuie. Ulainishaji wa kawaida unasinyaza umbo, na umbo jembamba kama gegedu ndilo linaloumia zaidi. Tumia ule wa Taubin ndani ya MeshLab, ambao hausinyazi sana, kisha pima unene kabla na baada mahali pale pale. Kama gegedu la milimita 2.4 limekuwa la 1.9, umemtengenezea mgonjwa ugonjwa ambao hana.

Wavu wa gegedu uwe na tabaka tatu au nne za elementi kutoka mfupani hadi juu. Tabaka moja haliwezi kuonyesha jinsi mkazo unavyobadilika kwenda chini. Heksa (elementi za umbo la tofali) za nodi 8 zinafanya kazi vizuri lakini kuzitengeneza kwenye umbo lililopinda ni kazi ya subira; tetra (elementi za umbo la piramidi ya pembetatu) za nodi 10 zinakubalika. Ziepuke tetra za nodi 4, kwa sababu nyenzo ambayo karibu haibadiliki ujazo huzifanya zikakamae, na gegedu lako litaonekana gumu kuliko lilivyo.

Mifupa iache iwe migumu kabisa. Ganda la mfupa lina ugumu wa takriban megapaskali 17,000 na zaidi, na gegedu liko mbali chini yake, kwa hiyo kwa swali la mgusano mfupa hautabonyea kiasi cha kukusumbua, na unaokoa muda mwingi wa hesabu.

Gegedu ndilo linalohitaji kufikiriwa. Kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wake ni maji, yaliyoshikwa ndani ya nyuzi za protini ya kolajeni na molekuli za proteoglikani. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Mwaka 1980 Van Mow na wenzake walieleza gegedu kama nyenzo ya sehemu mbili, kigumu chenye vinyweleo na majimaji yanayopita ndani yake kwa shida sana. Ndiyo maana muda ni muhimu. Mtu akikanyaga ngazi kwa sekunde moja, maji hayana nafasi ya kutoka; yanabeba mzigo yenyewe, na gegedu linajibu kama kitu kigumu kisichobadilika ujazo. Akisimama kwenye foleni ya matatu kwa nusu saa, maji yanahama polepole na mzigo unahamia kwenye kigumu. Kwa hiyo, kwa hatua ya haraka unaweza kutumia nyenzo rahisi: watafiti wengi wamechukua moduli ya Young (kipimo cha ugumu) ya megapaskali 15 na uwiano wa Poisson (kipimo cha jinsi kitu kinavyotanuka pembeni kikibanwa) wa 0.475. Kwa kusimama kwa muda mrefu, namba hizo zitakudanganya, na inabidi uingie kwenye nyenzo ya sehemu mbili ya FEBio. Hapa ndipo swali uliloandika kwenye karatasi linakulipa.

Meniskasi ina nyuzi zinazozunguka kama ukingo wa mwezi mchanga, na zikivutwa ndizo zinazoizuia isichomoke nje goti likibanwa. Ipe ugumu tofauti kwa kila upande: kama megapaskali 120 kufuata nyuzi, na 20 kwenda katikati na juu-chini. Ncha zake mbili zifungwe kwenye muundi kwa springi. Usipozifunga, meniskasi itachomoka pembeni na modeli yako itakuwa ya mtu asiye na meniskasi bila wewe kujua.

Ligamenti, kwa swali la kusimama wima, ziweke kama springi zinazovuta tu bila kusukuma. Savio Woo na wenzake, 1991, walipima ligamenti ya msalaba ya mbele ya watu wenye umri mdogo wakapata ugumu wa nyutoni 242 kwa milimita, na ilikatika kwenye takriban nyutoni 2,160. Anza na namba hiyo ya ugumu.

Kabla ya mgusano, amua vipimo. Milimita, nyutoni na sekunde. Hapo shinikizo litatoka lenyewe kwa megapaskali. Ukichanganya mita na milimita, programu haitakulalamikia, itakupa jibu la uongo kwa utulivu kabisa.

Na sasa mgusano wenyewe. Hapa ndipo modeli nyingi za goti hufia, kwa hiyo twende polepole.

Upande wa ndani wa goti unahitaji jozi tatu: gegedu la paja na meniskasi, meniskasi na gegedu la muundi, na gegedu kwa gegedu pale katikati ambapo meniskasi haifiki. Upande wa nje vivyo hivyo. Jumla jozi sita. Msuguano weka sifuri. Gegedu lenye afya huteleza kiasi kwamba kuuweka hakubadilishi shinikizo kwa maana yoyote.

Kompyuta haijui kwamba vitu viwili haviwezi kukaa mahali pamoja. Inaviruhusu vipenyane kidogo, kisha inavisukuma kwa kani inayolingana na kina cha kupenyana. Kizidishi cha kani hiyo ndiyo penalti. Ikiwa ndogo, magegedu yanapenyana na shinikizo linatoka chini ya ukweli. Ikiwa kubwa mno, hesabu inatetemeka na kukataa kutulia. FEBio inaweza kukadiria penalti kutokana na ugumu wa nyenzo. Anza na kadirio hilo, kisha pima kina cha kupenyana mwishoni. Kikizidi asilimia 1 ya unene wa gegedu, mimi huipandisha na kurudia.

Kisha kagua kitu ambacho hakionekani kwa macho: je, nyuso zako zimeingiliana kabla ya mzigo wowote? Picha ilipigwa mtu amelala, magegedu yakigusana, na kuchora mipaka kuna makosa ya nusu pikseli huku na huku. Fikiria hesabu hii. Gegedu la milimita 2 likiwa limeingiliwa kwa nusu milimita, umeshalikandamiza robo ya unene wake kabla hujaweka hata kilo moja. Hakuna rangi itakayotoka hapo ya kuaminika. Sogeza fupa la paja juu taratibu mpaka pawe na mwanya mdogo kila mahali, hata wa sehemu ya kumi ya milimita.

Lakini mwanya nao una shida yake. Ukiweka kani wakati nyuso hazijagusana, hakuna kinachozuia fupa la paja lisianguke, na hesabu inakwama hapo hapo. Dawa ni hatua mbili. Ya kwanza, shusha fupa la paja kwa umbali, kidogo kidogo, mpaka ligusane pande zote mbili. Ya pili, liachilie umbali na uweke kani, ukiipandisha kutoka nyutoni chache hadi mzigo kamili.

Sasa uhuru wa mwendo. Shikilia muundi. Kwa fupa la paja, funga pembe ya kukunja goti tu. Liache huru kuteleza mbele na nyuma, kushoto na kulia, na hasa liache huru kuinama kuelekea matege au kinyume chake. Ukiifunga pembe hiyo ya matege, basi mgawanyo wa mzigo kati ya upande wa ndani na wa nje umeuamua wewe, goti halikusema neno. Nimeona ripoti nzima zikijadili kwa nini upande wa ndani umebeba mzigo mkubwa, na sababu ilikuwa kisanduku kimoja kilichowekwa alama.

Programu ikikuambia jakobiani ni hasi, maana yake kuna elementi imepinduka ndani-nje. Usianze kubadilisha namba ovyo. Tafuta elementi ipi, mara nyingi utaikuta kwenye ukingo mwembamba wa gegedu au wa meniskasi, kisha rekebisha wavu pale au punguza ukubwa wa hatua.

Kabla ya kuamini goti, jaribu kitu ambacho jibu lake linajulikana. Heinrich Hertz alitatua mgusano wa tufe na bapa mwaka 1882. Tengeneza tufe gumu lenye nusu kipenyo cha milimita 20, ulibonyeze kwa milimita 0.1 kwenye tofali nene la nyenzo ile ile ya megapaskali 15 na 0.475. Unapaswa kupata kani ya karibu nyutoni 3.65, duara la mgusano lenye nusu kipenyo cha milimita 1.41, na kilele cha shinikizo cha megapaskali 0.87. Ukiwa mbali na hapo, kosa liko kwenye penalti au kwenye wavu, na ni afadhali ulijue kwenye tofali kuliko kwenye goti. Tofali liwe nene kwelikweli, kwa sababu tabaka jembamba lililokaa juu ya kitu kigumu hutoa shinikizo kubwa zaidi.

Ukirudi kwenye goti, jumlisha kani za mgusano kwenye muundi, ndani na nje. Lazima zilingane na mzigo uliouweka, ukihesabu pia mvuto wa ligamenti. Gawanya kani kwa eneo la mgusano: nyutoni 1,000 juu ya milimita za mraba 800 ni wastani wa megapaskali 1.25. Kama kilele chako kinasoma 40 kwenye elementi moja ukingoni, hicho ni kipele cha wavu, kisikupe furaha wala hofu. Punguza ukubwa wa elementi na urudie. Kilele cha kweli kitabaki pale pale, cha uongo kitazidi kupanda.

Sasa ondoa meniskasi ya ndani na uendeshe tena bila kugusa kingine chochote. Daktari Fairbank wa Uingereza aliandika mwaka 1948 juu ya mabadiliko yanayoonekana kwenye eksirei za magoti yaliyoondolewa meniskasi, na vipimo vya maabara vilivyofuata vimeonyesha eneo la mgusano likipungua kwa karibu nusu na kilele cha shinikizo kikipanda mara mbili hadi tatu. Modeli yako isipoelekea huko, rudi kwenye ncha za meniskasi na kwenye pembe ya matege kabla ya kutangaza ugunduzi. Ninaamini tofauti kati ya hali mbili za goti moja kuliko ninavyoamini namba moja peke yake, kwa sababu makosa mengi ya umbo na nyenzo yamo pande zote mbili.

Unapompelekea daktari wa mifupa, mpe picha mbili ubavu kwa ubavu zenye kipimo kimoja cha rangi, kutoka sifuri hadi namba ile ile ya juu. Programu ikiachwa ijipangie rangi, goti zima na goti lililoondolewa meniskasi yataonekana na wekundu sawa. Chini ya picha andika kwa maneno ya kawaida: goti la nani (kwa namba ya siri, bila jina), limekunjwa nyuzi ngapi, mzigo nyutoni ngapi na umetoka wapi, nyenzo ipi, na kina cha kupenyana kilikuwa kiasi gani. Ambatisha faili la FEBio lenyewe ili mwenzako aliye na laptopu kama yako aweze kuliendesha. Swali la kushuka ngazi linahitaji goti lililokunjwa, pia ya goti iwemo na kano ya msuli wa mbele wa paja ivute. Liache mpaka goti la kusimama limepita ukaguzi wote wa hapo juu.